Mizani ya Shoka

Saa tatu asubuhi, Oulu bado giza.
Hilkka Ojaniemi anakung'uta theluji viatuni,
anawasha kompyuta, anamimina kahawa,
na kabla hajaionja wamekwisha kumtukana
watu elfu moja mia nne na sita.

Shoka, wanasema.
Shoka la Varis.
Linakata mno, linafika mbali mno,
linarudi mkononi upesi kama mtoto aliyeahidiwa peremende.
Wa Busan ameandika kwa herufi kubwa tupu.
Wa Recife ameleta video ya dakika kumi na moja:
amekufa mara tisa, na kila kifo amekizungushia duara jekundu.
Mmoja hakutaja alikotoka. Kaandika tu:
mliolitengeneza hili, hamjawahi kucheza.

Mwamba ngoma huvutia kwake.
Hilkka haijui methali hii, kwao hakuna anayewamba ngozi,
lakini anaijua kazi yake:
wenye mikuki wanataka shoka lipungue,
wenye shoka wanataka mikuki ivunjike,
na waganga, hao waganga, wanataka kila mtu afe polepole
ili wapate wa kumponya.

Anafungua jedwali.
Mapambano milioni mbili ya wiki iliyopita
yamelala safu kwa safu kama dagaa kichanjani.
Huko juu, kwa mabingwa, Varis anashinda hamsini na nane kwa mia.
Huko chini, kwa wanaojifunza, arobaini na nne.
Shoka ni lile lile. Huku panga, huku kijiko.

Jarkko wa meza ya pili anasema: subiri, watazoea.
Husema hivyo kila Jumatatu,
hata mwaka ule walipobadili rangi ya ngao na watu wakahama.

Sisi tuna neno moja kwa mambo mawili:
mizani ya dukani na mizani ya ubeti.
Ya dukani hutazamwa.
Ya ubeti husikilizwa; ukizidisha silabi moja
msomaji hajui kilichomkwaza, anajua tu amejikwaa.
Wa Busan naye amejikwaa.
Anapiga kelele, anaonyesha jiwe silo.

Adhuhuri jua linachungulia,
kama mdai aliyekosa mtu nyumbani linaondoka.
Hilkka anafuta 42. Anaandika 39.
Tatu tu.

Jioni barua zinageuka upande.
Wa mikuki kimya; aliyeshiba haandiki.
Sasa wanalia wa shoka,
na katikati ya matusi, moja ndefu isiyo na tusi,
kutoka Saskatoon, ya Delphine Kowalchuk, miaka hamsini na mitatu:

Natumia mkono mmoja. Wa pili kiharusi kiliniachia unaning'inia.
Wengine wote katika mchezo wenu wanataka vidole kumi.
Varis peke yake hunisubiri: huinua shoka taratibu, nami nawahi.
Adui ana uhai mia na ishirini.
Juzi nilimmaliza kwa mapigo matatu.
Leo matatu ni mia na kumi na saba.
Pigo la nne silifikii.

Jedwali halina safu ya mkono mmoja.

Hajibu. Kampuni hairuhusu kuahidi.
Anarudi kitini, koti mwilini.
Anafuta 39.
40. Mara tatu, mia na ishirini, bila chenji.
Kisha anakata mpini wa shoka, nusu hatua,
pale walipokuwa wakivizia mabingwa.

Kelele za mlango haziniwasi usingizi:
aliyesema hivyo hakuwa na milango elfu moja mia nne na sita.

Asubuhi, Oulu giza.
Elfu mbili na kumi na moja.
Mpini, wanasema. Nani kaukata mpini?
Wa Busan, kwa herufi zile zile, sasa anamtetea Varis.
Kutoka Saskatoon, hakuna neno.

Hilkka anatafuta lile jina katika mapambano ya usiku.
Michezo saba. Kashindwa sita.
Wa saba, pigo la tatu,
kisha akazima.

Anakunywa kahawa ingali moto,
anaanza kusoma habari za mpini.