Komeo

Nina miaka arobaini na mmoja
na bado kuna mtu hasinzii
mpaka asikie mlango wa uani.
"Umeingia?"
"Nimeingia, baba."
Ndipo kikohozi, ndipo komeo, ndipo nyumba nzima
inajigeuza ubavu na kulala.

Hapa Newala ukungu wa Juni hauulizi umri.
Unapita chini ya mlango, unakaa kwenye shuka
za kitanda nilichopewa nilipofaulu darasa la saba.
Miguu yangu imekizidi kwa kiganja kimoja.
Msumari wa sare ya shule ungalipo;
siku hizi natundika koti la kazini,
koti la karani wa ghala, linanuka korosho na magunia.

Kaka yangu Swalehe, wa Tandahimba,
ana wake wawili na deni la salfa kwa watu watatu,
lakini akija hapa anapewa kiti
na mimi nakaa mkekani.
"Mtoto bado yupo nyumbani," anasema,
akimega muhogo nilionunua mimi,
chini ya taa inayowaka kwa luku yangu,
ingawa risiti hutoka kwa jina la Athumani Mnali.

Nilichezwa unyago mwaka ule wa njaa.
Nikafundishwa kunyamaza, kupika,
kumpokea mume akitoka safari.
Mafunzo yale sikuyatupa.
Yako kabatini, pamoja na vikombe vya maua
ambavyo mama huvifuta kila Ijumaa
na hakuna aliyewahi kuvinywea.

Usidhani hawakuja.
Mmoja alitoka Nanyamba na barua na wazee wawili;
mwingine alikuja na maneno matupu, na huyo ndiye niliyempenda.
Yamekwisha. Siyasemi hapa.

Nilinunua kiwanja kule Mkunya,
nikafyatulisha tofali elfu moja na mia mbili.
Kisima cha mvua kilipopasuka tukatoa mia tatu.
Tukatoa themanini za choo, maana magoti ya mama
hayataki tena kuchuchumaa.
Jirani akaazima arobaini. Jirani akafa.
Zilizobaki zimeota ukoka; mjusi mmoja
amehamia humo bila ramani wala kibali.

Mwezi wa tatu baba alilazwa Ndanda, siku tisa,
mama yuko naye.
Usiku wa kwanza nikafungua mlango wa uani,
nikasimama ukumbini na kandambili mkononi
kama mwizi aliyekosa wa kumkimbia.
Hakuna aliyeuliza.
Nikauliza mwenyewe, kwa sauti: umeingia?
Sauti ikaenda hadi jikoni, ikarudi.
Halafu lile komeo. Likakataa.
Miaka yote hiyo sikuwahi kuligusa.
Nilihangaika nalo hadi vidole vikachubuka,
nikagundua siri yake:
unalinyanyua kidogo kwanza.

Alirudi mwepesi, shati limemzidi.
Watu wakaja kumjulia hali, na bibi mmoja wa Kitangari
akanishika shavu: "Na wewe Somoe, utatoka lini?"
Nikamwambia, kisima kikijaa.
Akaitikia amina, maskini, akadhani ni dua.

Juzi, saa nane za usiku, nikasikia mlango.
Fimbo. Kandambili. Maji ya ndoo.
Kisha kimya, kirefu mno.
Nikawa macho kwenye kitanda kile kifupi,
nikihesabu kama ninavyohesabu magunia ghalani,
nikipotea, nikianza upya.
Mlango tena.
"Umeingia?" nikasema kupitia ukuta.

Akakawia. Nadhani alikuwa anacheka,
au anatafuta pumzi.
"Nimeingia, mama."

Nikamsikia anahangaika na komeo,
chuma kinagonga chuma, kinateleza, kinagonga.
Sikuamka.
Anajua mwenyewe linavyotaka.