Bomba Lilipokohoa

Jumamosi, saa mbili usiku, Gyumri:
maji huja kwa saa moja na nusu, kisha huenda zake
kama mtu aliyepita kuazima kiberiti.
Baba kanisimamisha ndani ya beseni la bati
na sabuni ya mche, ile ya kufulia,
maana ya nywele ilikwisha Jumanne
na mama yuko Krasnodar, anashona mapazia
ya madirisha tusiyoyajua.

Baba hakujua kuosha nywele.
Alijua nati. Alijua kuisikiliza injini
kwa bisibisi iliyogusishwa sikio.
Alinisugua kichwa kama anayetafuta kilichopotea.
"Fumba, Nvard." Nikafumba.
"Tayari?" "Bado."
Nikafumbua nione bado ni nini.

Pilipili ina adabu, hukuonya kwa harufu.
Sabuni hunukia usafi,
hungoja kidogo kwenye kope,
halafu huchonyota.

Nilipiga yowe la kuamsha ghorofa nne.
Baba akafungua bomba hadi mwisho.
Bomba likakohoa.
Likakohoa tena, likatema kijiko cha kutu,
likanyamaza.

Kuanzia hapo sikuona kitu,
kwa hiyo mniwie radhi, nasimulia kwa masikio:
birika likiguna jikoni, maji yake ya moto, hayafai;
kabati likifunguliwa, likifungwa;
baba akijiuliza kwa sauti, maziwa? chai ya jana?
"Usifikiche! Nimesema usifikiche!"
na mikono yangu yote miwili
imebanwa ndani ya mmoja wake wenye grisi.
Kisha taulo. Kisha baridi ya ngazi.
Hatua nne, hazikuzidi.
Nikajua tumesimama mbele ya mlango gani.

Mlango wa Bi Arusyak
haukuwa umegongwa na mtu wa kwetu miaka mitatu,
tangu ugomvi wa banda la kuni:
nani aliweka kufuli, nani alilivunja,
nani alimwita nani mwana wa nani.
Tukipishana ngazini tulisalimia ukuta.

Nilisikia mkono wa baba ukiinuka.
Nilisikia haugongi.
Nikapiga yowe jingine,
nusu yake la maumivu,
nusu nilitaka tu yaishe.
Mlango ukafunguka wenyewe.

"Sabuni?"
"Sabuni," akasema baba.
Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza tangu kufuli.

Alikuwa na ndoo saba zimejaa.
Wajane wa mji ule hawaamini mabomba.
Akanilaza kichwa mapajani,
sketi ya sufu ikinikwaruza shingo,
akaushika ukope kwa vidole viwili
kama anayefungua barua ya mtu mwingine,
akamimina kwa kikombe cha kahawa,
kutoka puani kwenda sikioni,
"ili jicho la pili lisirithi."
Kikombe. Kikombe. Kikombe.
"Pepesa. Pepesa kama unamdanganya mwalimu."
Baba akauliza habari ya maziwa.
"Maziwa mnywe. Jicho linataka maji
na mtu asiye na haraka."

Kwenye kikombe cha thelathini na kitu nikapoteza hesabu.
Cha kwanza kuona kilikuwa balbu,
imevaa duara la rangi kama mtakatifu ukutani,
kisha kidevu cha Bi Arusyak, kina unywele mmoja,
kisha baba, amesimama na kata tupu
akikaripiwa juu ya sabuni ya mche
robo saa nzima, na hajibu.

Habari za banda hazikutajwa.
Kufuli liko hadi leo, ufunguo sijui anao nani.

Lakini Jumapili, nje ya mlango wetu,
palikuwa na ndoo imejaa, imefunikwa sahani.
Baba aliizunguka mara mbili,
akachuchumaa,
akasogeza sikio.