Kiinua Mgongo

Miaka arobaini na mmoja mume wangu aliupandisha mji mlimani
na kuushusha, akivuta mpini uleule wa shaba
ndani ya kibanda chenye upana wa kitanda chetu.
Wauza samaki, wakunga, walevi wa Jumamosi, piano moja:
nusu ya Valparaíso ilipita mikononi mwake,
na Eleuterio mwenyewe hakusogea hata hatua nane.

Siku ya kuagwa walimpa saa ya ukutani
(mtu aliyetawaliwa na saa, wakamwongeza saa!)
na bahasha ya kiinua mgongo.
Pesa zikaziba paa la jikoni.
Mgongo ukabaki ulivyokuwa.

Mwezi wa kwanza nilidhani nitamuua.
Aliamka saa kumi na moja, akanyoa ndevu, akavaa kofia,
akasimama kwenye korido kama mzigo usio na mwenyewe.
Nikishika mlango wa stoo, ananiambia,
"Subiri, mama, milango inafungwa."
Akaipanga mitungi yangu ya jemu kwa urefu.
Akaipanga tena kwa rangi.
Nikasema: Eleuterio, mkate umekwisha,
nenda kwa Don Abundio. Kwa miguu.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia apae.

Alirudi baada ya saa tatu,
mkate umeng'atwa ncha zote mbili,
magoti yakitetemeka, macho ya mtoto aliyeiba sukari.
"Hortensia, vidato ni mia mbili na kumi na sita!
Cha themanini kina ufa, ndani yake umeota mnanaa.
Kuna mwanamke anaimba akikaanga vitunguu, anaimba vibaya sana.
Kuna paka mwenye jicho moja, nimemwita Meneja."

Kupanda mchongoma, walisema, kushuka ndiyo ngoma.
Kwake yeye vyote viwili vikawa ngoma,
na mchezaji ni yeye.

Sasa mfukoni ana chaki. Anaandika namba kwenye vidato,
watoto wanazifuta, wanaweka elfu moja palipo saba,
naye anahesabu upya, akiwatukana kwa raha zake.
Anajua nani kajifungua, mnanaa umefika wapi,
na yule mwimbaji wa vitunguu ameanza kupatia wimbo.
Stoo yangu imerudi kwangu.

Jana akaniambia, "Vaa koti." Tukaenda kituoni.
Kijana aliyemrithi alikataa sarafu zetu.
Eleuterio akazisukuma tena chini ya kioo:
"Mimi ni abiria. Kata tiketi."
Tukakaa benchi la dirishani. Kamba ya chuma ikalia,
paa zikaanza kushuka, za bluu, za kutu,
suruali za watu zikipunga kwenye kamba,
kisha, ghafla, bahari yote,
na meli tatu zimetulia kama vikombe mezani.

Akanyamaza mpaka karibu na kileleni.
"Kiti changu kilitazama gurudumu," akasema.
"Miaka yote hiyo, hii niliipa mgongo."

Nikamwekea mkono pale, katikati ya mabega.
Sikumbuki ulinyooka lini.

Juu, milango ikafunguka, watu wakatoka.
Yeye akabaki amekaa, akipapasa mifuko,
chaki, kitufe, ganda la mkate,
akitafuta sarafu nyingine.