Kome Asikome

Ganda nililoliokota ukingoni Jumamosi
lina matundu saba, kila moja duara kamili,
kama unga uliokatwa biskuti
na mabaki yakatupwa.
"Vifungo," akasema Ardis Kettler,
akishika kifungo cha koti lake, cha plastiki.
"Mama alivishonea kwenye kadi, dazeni kwa dazeni,
hapa hapa Muscatine, mezani jikoni.
Hata supu yetu ilikuwa na vumbi la maganda."

Nikamwambia, kwetu kifungo ni hicho hicho cha shati,
na kifungo ni miaka ya jela pia.
Alicheka. Kisha akanyamaza,
akauangalia mto.

Kome walivuliwa kwa kulabu tupu, bila chambo.
Kome akiguswa hujifunga;
ndiyo silaha yake pekee, na ndiyo iliyommaliza:
aliibana kulabu, akapandishwa nayo.
Tani kwa tani, wakachemshwa, wakatobolewa,
na mashati ya watu wasioijua Iowa
yakafungwa hadi kooni.
Halafu ikaja plastiki, viwanda vikalala,
mabwawa yakaukata mto vipande vipande,
na matope ya mashamba ya mahindi
yakamalizia, kwa upole.

Sisi tunahesabu.
Mto wa Cedar, Septemba, maji ya kiuno.
Verlyn anazamisha fremu ya mabomba, mita kwa mita,
nami napapasa chini kwa vidole,
vidole vilivyokesha kiwandani
vikikata mabega ya nguruwe.
Jiwe. Jiwe. Kopo la bia. Jiwe.
Kisha kitu kinachojibu:
kinajibana.

Huyu jike. Ana hila.
Huipunga ncha ya nyama yake kama dagaa aliyepotea,
jicho la kuchorwa, mkia unacheza,
na samaki mwenye njaa anaparamia,
anaambulia kinywa kilichojaa watoto wa mwenzake.
Wananasa kwenye matamvua, wanapanda mto bila nauli,
wiki mbili tatu, kisha wanadondoka
popote walipofikishwa.
Kuzaa si kazi, walisema kwetu, kazi kulea.
Sikumcheka mama huyo. Mimi nililelewa Kigoma
na shangazi ambaye hakuniomba,
nikaja kudondoka huku.

"Kwenu wanaitwaje?"
"Kome."
Sikumweleza kwamba neno hilo ukilitia nafsi
linakuwa amri: akome.
Wala kwamba koma, ukiirefusha kwa irabu moja,
unapata komaa.
Meno yalikuwa yakinigongana kwa baridi. Nikaacha.

Tunawabandika namba kwa gundi ya daktari wa meno.
Wa 117 ana mistari arobaini na mitatu;
ni kaka yangu, au dada, kwa miaka sita.
Tunampanda wima mchangani kama kipande cha muhogo
aendelee kuunywa mto na kuutema,
kuunywa na kuutema,
msafi kidogo kuliko alivyoukuta.

Jumla ya asubuhi: kumi na mmoja.
Mwaka jana, pale pale, kumi na tisa.
Verlyn anaandika kwa penseli, hasemi kitu.
Treni ya mahindi inapita darajani, mabehewa hayaishi.

Ardis haingii majini kwa sababu ya goti,
kwa hiyo zamu ya chekecheo ni yake.
Anapepeta mchanga wetu kama mtu anayetafuta pete.
"Njooni."
Juu ya ukucha wake, punje:
kama mchele, rangi ya chai,
na mwanga unapita ndani yake.
Wa mwaka huu.
Watu wazima watatu tukabana pumzi
tusije tukampeperusha.

Verlyn alitoa gundi, akairudisha mfukoni.
Mdogo mno kwa namba.
Ardis akainama, goti na yote,
akamwachia.