Bamba la Tatu

Miaka ishirini na sita Arvids
aliukata mwanga kwa vidole.
Alipanda ngazi, glavu zimeungua ncha,
akasukuma bamba la chuma ndani ya taa
unene wa unywele, kisha nusu ya unywele,
na mtu aliye chini akipiga kelele: Bado! Bado! Basi!
Hivyo ndivyo mlango ulivyopata kingo zake jukwaani,
na dirisha lisilokuwepo likaanguka sakafuni
na pembe zake zote nne.

Siku hizi mota ndiyo inayopanda.
Wala haipandi; imelala humo humo,
mota nne za kusukuma mabamba, nne za kuyainamisha,
moja ya kuubana mwale uwe sindano,
moja ya kuuachia umwagike kama maji ya kudekia.
Mimi niko nyuma ya kioo na chai yangu,
nazungusha gurudumu dogo kwa kidole cha shahada,
na mita kumi na moja juu ya vichwa vya watu
chuma kinasogea bila kuuliza.

Sitasema uongo, napenda.
Napenda ule mlio, sss-tk,
kama mtu anayemeza mate kabla ya kutoa neno.
Napenda namba isiyojua kwamba jana nilikuwa na homa.
Bamba la kwanza, asilimia arobaini na mbili.
Kesho, arobaini na mbili.
Arvids hakuwahi kuwa arobaini na mbili mara mbili:
Jumatano mlango wake mpana,
Ijumaa, mshahara ukishaingia,
mwembamba hata Rudolfs akapita ubavu.

Februari, Liepaja. Upepo unakwangua bati la paa.
Onesho la saba. Taa ya kumi na nne.
Meza, mama, barua;
mwale uingie, ukatwe, uishie ukingoni mwa meza,
kwingine kote giza.
Nikabonyeza.
Matatu yakaingia.
Bamba la tatu likagoma.

Mwanga ukapita meza,
ukapita mpasuo wa pazia jeusi la pembeni,
ukamkuta Mirdza wa mavazi
amepiga goti mahali pake pa siku zote,
pini tano mdomoni,
anashona ukosi wa koti la askari
ambaye, kwa mujibu wa barua,
alikuwa amekwisha kufa.

Nikabonyeza tena. Na tena. Mota ikakoroma.
Ukumbini hakuna aliyekohoa,
na ilikuwa Februari.
Mirdza hakuinua uso.
Alikisogeza tu kitambaa kwenye mwanga
kama afanyavyo yeyote mwenye macho mabovu
akipata dirisha.

Usiku nilipanda mwenyewe, kwa ngazi ya Arvids.
Nikafungua taa. Kwenye giya, uzi mweusi
uliovutwa na feni, umejiviringisha mara tisa.
Nikampigia simu. Akacheka hadi akakohoa.
"Enzi zetu," akasema, "hilo liliitwa kosa."

Mwongozaji hakutaka kusikia habari za kosa.
Liandike, akasema. Liwe hivyo kila usiku.
Nikaliandika: taa ya kumi na nne,
bamba la tatu, sifuri, sekunde arobaini.
Mota ikatii kama imezaliwa kwa ajili hiyo.

Na Mirdza, onesho la nane,
alikuwa amechana nywele.
Rangi ya mdomo. Hakuna pini.
Sindano ilipanda na kushuka polepole mno,
na mara moja, mara moja tu,
aliitazama taa.
Safu ya tano mtu akakohoa.

Onesho la tisa nikafuta.
Uzi uko kwenye kibiriti, mtoto wa meza,
pamoja na fyuzi na pipi za koo.
Mama akaketi. Akafungua barua.
Sss-tk,
likaingia, sawasawa na ukingo,
na huko pembeni, pini tano mdomoni,
Mirdza akamalizia ukosi gizani.