Safu ya Nne

Jedwali lina safu nne:
namba, pendekezo, mhusika, hali.
Mimi ndiye mtunzaji wake. Karani wa kamati,
ghorofa ya pili, Cape Town, mwezi wa Juni,
mvua inakuja kwa ubavu
na mlima umejifunika gubigubi.

Tume ilikaa miaka mitatu.
Ripoti ilipoletwa, ililetwa kwa kitoroli
chenye gurudumu moja linalolia,
waheshimiwa wakainuka kuipiga picha
kama kichanga cha ukoo.
Nani alimnyonyesha baada ya hapo, usiniulize.
Mimi nilikabidhiwa jedwali.

Namba 9. Yalilipiwa mabehewa arobaini,
yakafika kumi na manne. Fedha zirudishwe.
Hali: inaendelea.
Namba 10. Wakurugenzi watatu washtakiwe.
Inaendelea.
Namba 12. Mhasibu aliyekataa kusaini
arudishiwe kazi na stahili zake.

Siku hizi nikigonga *i*, nikagonga *n*,
kompyuta inalimalizia neno yenyewe.
Imeshatuzoea.

Naibu Waziri Mabhoko huja na wasaidizi tisa
na faili moja. "Mheshimiwa Mwenyekiti,
suala hili lipo katika hatua nzuri."
Tangu mwaka juzi lipo katika hatua hiyo,
mguu mmoja juu, mguu mmoja majini,
kama korongo aliyesinzia.

Mama Ngcukana huvua miwani.
"Lini?"
Neno moja. Jibu lake dakika kumi na moja,
nimelinukuu lote: lina shukrani,
lina changamoto, lina wadau,
tarehe halina.

Nyuma, viti vya wananchi,
hukaa Deon Kortje wa Worcester.
Mkate ndani ya mfuko, chupa ya chai,
kucha zina mafuta ya cherehani za watu
anazotengeneza sasa, yeye aliyekuwa
akihesabu mamilioni bila kudondosha senti.
Huja kwa treni. Treni ileile, ndiyo.
Ikichelewa hasemi kitu,
hukung'uta mwavuli na kusaini kitabu cha wageni.
Palipoandikwa *Sababu ya kuja*
huandika: *Namba 12.*
Mara ya kwanza askari wa mlangoni alicheka.
Mara ya saba alimletea kiti chenye mto.

Leo kiti kile amekalia binti.
Hakuvua koti. Maji yalimdondoka,
yakafanya kidimbwi kwenye zulia la Bunge,
hakuna aliyethubutu kumwambia neno.
Wakati wa mapumziko nilikwenda kutazama kitabu.
Mwandiko mwingine, wino mwingine,
jina: Chantelle Kortje.
Sababu ya kuja: ileile.

Sikumuuliza baba yuko wapi.
Nilirudi kwenye meza yangu. Nina watoto wawili,
mkopo wa nyumba kule Bellville,
na miaka kumi na sita ya kutotajwa na mtu.
Funika kombe, mwanaharamu apite:
mimi ndiye nimekuwa nikishika kombe.

Nikafuta.
Herufi moja moja, kutoka nyuma,
maana kompyuta ilikuwa inalirudisha.
Nikaandika: *Haijafanyika.*

Mama Ngcukana akalisoma kwa sauti.
Ndani ya chumba ulisikika mfereji wa paa tu.
Naibu Waziri akageuka kwa wasaidizi,
wasaidizi wakageukia faili.
"Nani kaandika hivi?"

"Limeandikwa," akasema Mwenyekiti. "Linatosha.
Lisomeke hivyohivyo kwenye kumbukumbu."

Sitakwambia kuna lililotendeka.
Kikao kijacho ni Septemba.
Binti alikwenda kuwahi treni ya saa kumi na moja,
akasahau glovu moja, ya kijani, nimeitunza droo ya juu.
Na kwenye jedwali, chini ya lile neno langu,
umejichora mstari mwekundu:
kompyuta hailijui,
inauliza kama nilikusudia jingine.