Puto Saba

Fundi Shaame hakunipa shavu, kanipa puto.
"Lipake povu, ulinyoe. Likipasuka, umeshachinja mtu."

Hadi adhuhuri nimechinja saba,
watoto wa Limbani dirishani, hoi kwa kicheko.

"Wembe ulaze kama mgonjwa wa homa,
usiusimamishe. Ngozi ivute.
Na pumua, bwana, pumua."

Usiku, kibatari na kioo cha ufa:
shavu la kulia likanikubali.
La kushoto, mkono ukawa wa mtu mwengine.
Kidevuni, mchirizi.

Ijumaa nikasimama safu ya pili
na kijipande cha gazeti kidevuni.
Tulipotoa salamu Fundi akanisogelea,
akavaa miwani, akakisoma:
"Mbili bila."

Akajipapasa ndevu zake.
"Kesho njoo mapema.
Puto zimekwisha."